FAILI LA MGONJWA LISIANDIKIWE MKAGUZI

Wananchi wa Karagwe na Kyerwa waijua taabu ya kumfikisha mgonjwa hospitali. Kutoka Murongo, mpakani na Uganda, na kutoka vijiji vya milimani, wengi hupakiwa juu ya pikipiki mpaka Isingiro au Nyakahanga. Mgonjwa akiisha kulazwa, jamaa zake hushusha pumzi. Lakini usiku zamu hubadilika, na muuguzi aingiaye hana njia ya kujua yaliyotendeka mchana ila yale aliyoyaandika mwenzake.

Tumtazame mama mwenye uchungu. Chati yake yataka mapigo ya moyo wa mtoto yaandikwe kila nusu saa, na mlango wa kizazi upimwe kila saa 4. Mtoto akianza kuchoka, au uchungu ukikwama, chati humwonya mkunga mapema. Nayo si siri katika nchi yetu: mara nyingi chati hizo hujazwa mtoto akiisha kuzaliwa. Chati ya namna hiyo haikumwonya mtu. Ni mbaya kuliko karatasi tupu, maana karatasi tupu haisemi uongo.

Wako wasemao kuwa wauguzi ni wavivu. Sisi hatukubali. Muuguzi aliyeachiwa wodi nzima peke yake usiku hawezi kumshika mgonjwa na kalamu kwa wakati mmoja. Serikali na iongeze watu. Hata hivyo uchache wa watu si sababu pekee. Msimamizi ajaye mara moja kwa robo mwaka, tena safari yake imetangazwa, atazikuta faili zimejazwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Akija na barua za onyo tu, atawafundisha watu kuficha. (Kompyuta zinazoingia hospitalini hazitatuponya na hilo; hupokea uongo sawasawa na karatasi.)

Twamtaka kiongozi wa wodi asome faili mbili tatu kila asubuhi kando ya kitanda, na kumwuliza aliyeandika: dawa ya saa 12 ilitolewa? Mbona hakuna sahihi? Kisha amwelekeze hapo hapo, bila kumwaibisha mbele ya wagonjwa.

Tangu Kyerwa itengwe na Karagwe mwaka 2012, ziko halmashauri mbili. Madiwani wa pande zote wanapozuru hospitali wasitazame rangi ya kuta tu. Waulize ni nani aliyesoma faili za jana usiku.