Siri Chini ya Chokaa



Unapoupaka chokaa ukuta wa nyumba yako, huwa unafunika yaliyopita: moshi wa jikoni, alama za mikono ya watoto, rangi ya mpangaji aliyekutangulia. Ukuta hung'aa, nawe husahau. Jumapili hii nakualika tuutazame ukuta ambao haukusahau.

Ukuta huo ni wa kanisa la Mtakatifu Teilo, lililojengwa katika Zama za Kati kando ya mto Llwchwr, karibu na mji wa Pontarddulais, kusini mwa Wales. Halikuwa kanisa la wakuu. Lilikuwa la parokia ya mashambani, nalo lilikua kidogo kidogo kama nyumba ya jamaa inayoongezeka: hapa chumba cha pembeni, pale ubavu mpya, kisha baraza ya mlangoni. Hatimaye watu wakahamia mjini, kanisa jipya likajengwa huko, na lile la kale likabaki peke yake karibu na maji. Katika miaka ya 1970 liliachwa, na mvua ikaanza kuliharibu.

Mwaka 1984 mafundi wa jumba la makumbusho la St Fagans, karibu na Cardiff, walianza kulibomoa kwa uangalifu, jiwe baada ya jiwe, ili walijenge upya kwao. Chini ya matabaka ya chokaa zilikuwamo picha. Mtakatifu Christopher, pande la mtu, anavuka mto akiwa amembeba mtoto Yesu. Mahali pengine Yesu anadhihakiwa kabla ya kusulubiwa.

Yafaa tukumbuke kwamba waumini wengi wa siku hizo hawakujua kusoma, na ibada iliendeshwa kwa Kilatini. Ukuta ndio uliokuwa kitabu chao. Tena, iliaminika kote Ulaya kwamba mwenye kuitazama picha ya Christopher hatafikwa na mauti ya ghafula siku hiyo. Mfikirie mkulima akichungulia mlangoni asubuhi kabla ya kwenda shambani!

Katika karne ya 16 yakaja Matengenezo ya Kanisa. Picha zikahesabiwa kuwa ushirikina, zikapakwa chokaa, na mahali pake yakaandikwa maneno. Lakini tusiwe wepesi wa kulaumu. Mabadiliko hayo hayo yaliwapa watu wa Wales Agano Jipya kwa lugha yao mwaka 1567, na Biblia nzima mwaka 1588. Jicho lilinyimwa, sikio likapewa.

Kazi ya kulijenga upya ilidumu zaidi ya miaka 20, na kanisa likafunguliwa mwaka 2007. Picha za asili zilibanduliwa na kuhifadhiwa. Nyingine zilichorwa ukutani kwa kufuata zile za kale. Mafundi seremala wakachonga upya kiambaza cha mwaloni kinachotenga ukumbi wa waumini na madhabahu. Mgeni aliyezoea makanisa meupe na baridi hushangaa kuona kuta zimejaa rangi.

Hapo ndipo penye swali. Kanisa limerudishwa lilivyokuwa yapata mwaka 1530. Je, vizazi vilivyosali humo kwa karne nne zilizofuata, mbele ya kuta nyeupe, kanisa lao liko wapi? Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini asili ipi, ikiwa ukuta mmoja una asili nyingi?

Mimi nasema mafundi hawakuwa na budi kuchagua. Ila tusisahau jambo moja: chokaa iliyokusudiwa kuzifuta picha ndiyo iliyozihifadhi. Aliyefunika na aliyefunua, wote wawili walishiriki kutufikishia urithi huu.

Basi, siku utakapotaka kuukwangua ukuta wa zamani, waite kwanza wazee na watoto. Uliza chini yake pana nini.