Kadi ya Michoro si Hirizi ya Msomi

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja, mkazi wa Kangemi, alinijia akiwa amefadhaika. Muuzaji katika duka moja katikati mwa jiji la Nairobi alikuwa amemwambia kwamba tarakilishi ya mkononi isiyo na kadi ya michoro ya peke yake haifai masomo ya chuo kikuu. Bei aliyotajiwa ingemeza mkopo wake wa muhula mzima.

Naomba kutofautiana na muuzaji huyo. Tangu mwaka 2011, prosesa nyingi za Intel za tarakilishi za mkononi zimekuwa na kitengo cha michoro ndani yake. Kitengo hicho hakina kumbukumbu yake binafsi. Huazima ile ya tarakilishi. Ndiyo sababu gigabaiti 4 huchechemea, ilhali 8 hutosha kwa kuandika tasnifu, kutazama video na kuhudhuria mihadhara kwa intaneti. Mimi mwenyewe huchanganua sauti za lugha kwa programu ya Praat, iliyobuniwa Amsterdam, katika mashine ya namna hiyo.

Sikatai kwamba anayesomea usanifu majengo au utengenezaji wa filamu huenda akaihitaji kadi hiyo. Lakini mwalimu mtarajiwa? Fedha zake na zinunue kumbukumbu na diski ya SSD.

Istilahi isiyofafanuliwa humtia msikilizaji woga, na woga hufungua mfuko. Walimu wenzangu, tuwafunze vijana kumuuliza muuzaji: kadi hii itanifanyia kazi gani? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.