Likizo Nayo Ina Haki Zake

Baada ya kumhimidi Mola wetu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), wiki hii natuzungumze juu ya wageni waliotujia majumbani. Nawaita wageni, ilhali wao ndio wenyeji: ni watoto wetu waliorudi likizo ya Agosti. Kusi inavuma, bahari imechafuka, jua limepunguza ukali wake, na kila treni inayoingia Miritini kutoka Nairobi inashusha vijana wenye masanduku ya bati na mikoba iliyojaa vitabu.

Nimeletewa mashtaka mawili mwezi huu. La kwanza ni la mama. Anasema, "Sheikh, mwanangu amekuja, lakini mimi sijamwona." Alfajiri huswali akarudi kulala hadi karibu na adhuhuri, alasiri yuko Mama Ngina na wenzake, wanakula mihogo na kunywa madafu, usiku yuko na simu yake. Chakula anachowekewa hukila kimepoa. La pili ni la binti wa kidato cha tatu. Yeye anasema tangu afike hajakaa kitako: asubuhi hupelekwa kwa mwalimu wa masomo ya ziada, mchana yuko jikoni, jioni anafua nguo za wadogo zake, na kaka yake amejilaza ukumbini akingojea chai. Ameniuliza, "Sheikh, likizo yangu mimi ni lini?"

Mashtaka haya yanaonekana kupingana, mmoja akilalamikia mapumziko yaliyozidi na mwingine mapumziko yaliyokosekana. Lakini mzizi wake ni mmoja. Katika nyumba zote mbili hakuna aliyekaa na mwenzake akauliza siku hizi ni za nani.

Natufanye hesabu. Mwaka wa shule una mihula mitatu, na likizo zake, ya Aprili, ya Agosti na ile ndefu ya mwisho wa mwaka, zikijumlishwa hazizidi sana miezi mitatu. Mtoto wa bweni, basi, huwa nyumbani kiasi cha robo ya mwaka. Akikaa bweni miaka minne, mzazi amempata kwa mwaka mmoja tu na kidogo, na katika huo kuna saa za usingizi. Kisha huja chuo kikuu, huja kazi, huja ndoa. Na upande wa pili kuna bibi aliyeketi barazani akimngojea mjukuu. Hakuna ajuaye amebakishiwa likizo ngapi. Kwa hiyo wiki hizi chache si muda mtupu wa kujazwa lolote. Ni mali ndogo yenye wadai wengi, na kila mdai ana haki yake.

Imam Bukhari amepokea kisa cha Salman al-Farisi na Abu Dardaa (R.A.), ambao Mtume (S.A.W.) aliwaunga udugu. Salman alimzuru nduguye akamkuta mkewe, Umm Dardaa, hakujipamba wala hakushughulikia mavazi yake. Alipomuuliza sababu, alijibiwa kuwa Abu Dardaa hana haja tena na dunia. Salman alipoandaliwa chakula, alikataa kula mpaka mwenyeji wake afungue saumu yake ya sunna wale pamoja. Usiku, kila Abu Dardaa alipotaka kusimama kuswali, Salman alimwambia alale. Ulipofika mwisho wa usiku ndipo wakasimama wote wawili wakaswali. Kisha akamkumbusha ya kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki. Basi kila mwenye haki apewe yake. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.), alimsadikisha Salman.

Ikiwa ibada yenyewe ya sunna haikuachwa imeze haki ya mwili na haki ya nyumba, vipi tutauacha mtihani wa hesabu uzimeze?

Wazazi wangu, anzeni na haki ya mwili. Mtoto aliyekuwa akiamshwa na kengele usiku wa manane, akala kwa foleni na kusoma kwa taa hadi usiku, amerudi akiwa amechoka. Mwacheni alale siku za mwanzo bila kuitwa mvivu. Sisi tuliosoma vyuoni, Alhamisi mchana tulikuwa tukifunguliwa, hatuonekani tena mpaka Jumamosi. Walimu wetu hawakuidharau elimu, bali walijua kuwa kichwa kisichopumzishwa hakihifadhi. Hata serikali imeliona hilo: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza shule kuwafundisha watoto wakati wa likizo. Basi tusiyarudishe kwa mlango wa nyuma masomo yaliyotolewa kwa mlango wa mbele. Mtoto mwenye somo linalomlemea asaidiwe kwa saa moja au mbili, kisha afungwe daftari lake.

Kisha kuna kazi za nyumbani. Kazi si adhabu, na mtoto asiyejua kuosha sahani yake amelelewa nusu. Lakini wahenga waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakusema mgeni wa kike peke yake. Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa akiwatumikia watu wake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Ikiwa huyu ndiye kigezo chetu, ni hoja gani aliyo nayo kijana wa miaka kumi na saba kungojea dada yake, aliyetoka bweni siku ile ile kama yeye, amletee chai alipolala? Mama mwenye watoto wa kiume, hili limo mikononi mwako. Gawa kazi kwa idadi ya mikono, na yule binti atapata jioni yake.

Sasa nanyi, wanangu mliorudi. Marafiki ni neema, na kucheka nao si dhambi. Nendeni pwani, chezeni mpira, kuleni viazi karai mpaka mshibe, mradi swala isipitwe na wakati na nyumbani wajue mko wapi. Ila mkumbukeni na yule rafiki ambaye hakwenda nanyi, aliyekosa karo, ambaye leo anaendesha tuktuk au anauza duka la mjomba wake. Mlisoma naye juzuu moja kwenye mkeka mmoja. Mkimpita barabarani kwa salamu ya mbali, atajua kuwa elimu yenu imemtenga, na hiyo ni hasara kwenu kuliko kwake.

Na mama zenu hawadai makubwa. Yule aliyenishtakia hakuomba zawadi wala hakutaka mwanawe afungiwe ndani. Alitaka amsikie. Keti naye jikoni anapokuna nazi au anapochagua mchele, mwulize aliipitishaje miezi hii, naye atakuuliza yako. Bibi naye ana habari ambazo hazimo katika kitabu chochote cha shule: nani ni ami yako wa upande gani, ukoo wenu umetoka Lamu au Vanga, mkate wa sinia hautumbuki kwa nini. Mtihani wake hautaletwa, lakini siku utakapouhitaji ujuzi huo, huenda mwalimu hayupo.

Nashauri jambo moja, ambalo halina gharama. Kwa siku zilizobaki, kila nyumba ichague mlo mmoja wa siku uliwe kwenye sinia moja, simu zote zikiwa chumba kingine, na asiondoke mtu mpaka wa mwisho amalize. Baba naye awepo. Katika sinia hiyo yatasemwa mengi ambayo hayasemwi kwenye ripoti ya shule: aliyeonewa bwenini atasema, anayeshindwa na somo atasema, mwenye furaha atawafurahisha wenzake. Kengele ya muhula wa tatu i karibu, na masanduku yatafungwa tena.

Mola awahifadhi watoto wetu safarini na masomoni, awape wazee wetu afya, na atujaalie kumpa kila mwenye haki haki yake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.