MAFUNZO YA MARUBANI SI MAHALI PA KUBANIA PESA



Tumechoka kuambiwa kwamba mafunzo ya kuruka kwa vyombo ni gharama ya kupunguzwa. Mwenye kupunguza hukaa ofisini. Sisi na abiria ndio tulio ndani ya ndege.

Rubani akiingia mawinguni au gizani haoni ardhi. Sikio lake humdanganya: ndege ikilala upande polepole, yeye hudhani imenyooka. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwajaribu marubani 20 wasiofundishwa vyombo, wakazuiwa kuona nje. Wote walishindwa kuitawala ndege, kwa wastani wa sekunde 178 tu. Na usiku wa tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways ilianguka Douala, Kameruni, mara baada ya kuruka. Watu 114 walikufa, wenzetu wa kazi wakiwa miongoni mwao. Uchunguzi ulisema ndege iliinama polepole gizani na vyombo havikuangaliwa ipasavyo.

Basi tufundishwe namna gani? Hatuikatai mashine ya kuigiza ndege. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, marubani wakafa katika dhoruba, ndipo likanunua mashine za Edwin Link. Katika mashine hiyo injini huzimwa na vyombo huharibiwa makusudi, na hakuna anayezikwa. Lakini mashine peke yake haitoshi, maana haimchanganyi mtu kama mbingu zenyewe. Na kukariri majibu ya mtihani si mafunzo hata kidogo.

Tunataka utaratibu huu. Kwanza darasa, mpaka mwanafunzi ajue kila chombo kinavyofanya kazi na kinavyodanganya. Pili mashine. Tatu ndege yenyewe, macho yamezuiwa kuona nje, mwalimu yuko kando. Nne mawingu ya kweli pamoja na mwalimu. Masomo yawe mafupi na ya mara kwa mara, kwa kuwa kuzungusha macho juu ya vyombo ni mazoea, na mazoea hayajengwi kwa siku tatu za haraka. Tena yarudiwe baada ya leseni, kwa saa za kazi na kwa gharama ya mwajiri, si siku ya mapumziko.

Rubani akikosea, jina lake hutangazwa kesho yake. Mafunzo yakikatwa, ni jina la nani hutangazwa? Wanachama, liulizeni swali hilo kila mnapokaa mezani na waajiri, wala msiinuke bila jibu.

Umoja ni nguvu.