SEHEMU YA 6: Daftari la ahadi na mama aliyejifungua



Leo niliahidi somo la chanjo. Naomba lisubiri. Meseji nyingi mnazonitumia siku hizi hazihusu homa ya mtoto. Tangu Marekani isimamishe misaada yake ya nje Januari 2025, miradi mingi ya afya imefungwa au imepunguzwa, na baadhi yenu mlikuwa mnakula kupitia miradi hiyo. Mmoja kaniandikia: "Nesi, nasali lakini moyo mkavu. Nimepoteza imani?"

Hapana mdogo wangu. Kuogopa sio kukosa imani. Zaburi zimejaa watu waliomlalamikia Mungu kwamba amewasahau, na bado waliendelea kuongea naye. Mimi swali langu ni lingine: wewe ukiogopa, kanisa lako lina habari?

Nikupe kisa, nimebadilisha mambo madogo mama huyu asitambulike. Alijifungua mtoto njiti, tukamfundisha kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, mtindo wa kangaruu. Siku ya kuruhusiwa nikamuuliza nyumbani nani atamsaidia. Akasema hakuna, mume anahangaika kutafuta kibarua. Nikamuuliza, na kanisani je? Akacheka kidogo: "Walikuja mimba ikiwa na miezi sita, kunikumbusha ahadi ya jengo."

Nikakosa la kusema. Kwenye jumuiya yetu, anayeshika daftari la ahadi ni mimi.

Tuongee ukweli jamani. Makanisa mengi sasa hivi yanajiuliza yafanye nini vijana warudi. Tunanunua spika, tunaalika wahubiri, tunabandika mabango. Mimi naona tumesahau kitu kidogo. Soma Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa linakua, lakini wajane wa upande mmoja walikuwa wanasahaulika kwenye mgao wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wavumilie. Waliagiza wachaguliwe watu saba wasimamie jambo hilo, na sura inaendelea kusema neno la Mungu likazidi kuenea. Hawakuacha kuhubiri. Walihakikisha tu hakuna anayeachwa nyuma.

Hata jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa ukanda wetu walizipa kipaumbele miaka ya 1970, zilikusudiwa majirani wajuane, wasali na wasaidiane. Kwenye madhehebu mengine mnaita nyumba kwa nyumba au seli. Leo sehemu nyingi kinachofuatiliwa kwa makini ni michango.

Najua utasema, "Nesi, jengo nalo ni kazi ya Mungu." Ni kweli, tusinyeshewe. Lakini jengo linaweza kusubiri wiki sita. Mama aliyejifungua hawezi.

Basi pendekezo langu ni hili. Kwanza, mama akijifungua, siku 42 za mwanzo ahadi yake ipumzike. Asiulizwe kabisa. Mume akipoteza kazi, vilevile.

Pili, kwenye daftari tuongeze safu moja: nani amejifungua, nani anaumwa, nani hajaonekana wiki mbili.

Tatu, tumtembelee wiki ya kwanza. Nawa mikono, usimbusu mtoto, usikae sana. Pika uji, chota maji, fua nepi, ondoka. Hukwenda kukagua nyumba.

Na mjue dalili za hatari. Kwa mama: damu nyingi, homa, kichwa kuuma sana, kuona ukungu, degedege. Kwa mtoto: kugoma kunyonya, kupumua kwa shida, mwili kuwa wa moto sana au wa baridi. Ukiona moja tu, kituo cha afya hapo hapo. Tafadhali msianze mkesha. Mungu anasikia hata mkiomba ndani ya bajaji.

Nimelipeleka hili kwenye jumuiya yetu. Wengine wamefurahi. Mzee mmoja akaniuliza, "Sasa bati tutapaua lini?" Sikuwa na jibu, na bado sina. Ila safu ile nimeshaichora kwa rula, na ina majina manne. Yote manne nilikuwa nayajua siku nyingi, kwa ahadi ambazo hawajamaliza.

Wewe ambaye moyo umekuwa mkavu, usijilazimishe kuonekana jasiri. Mwambie mtu mmoja unayesali naye kwamba mambo ni magumu. Na wewe ambaye leo una unga ndani, Jumapili hii angalia nani hayupo, kisha mfuate kwake. Daftari liache nyumbani.

Kwenu mnafanyaje mama akijifungua? Niandikie hapo chini. Sehemu ya 7 ni chanjo, safari hii kweli.