Leso ya Biashara Street na Mkulima Asiyeulizwa

Ukivuka Digo Road ukaingia Biashara Street, macho hayatulii. Leso zimetundikwa kila mlango, mafundi wako barazani wanapinda kwa cherehani, na wateja wanasoma majina kwa sauti. Likizo iliyopita nilimsindikiza nyanya yangu huko kununua leso za harusi. Akashika moja, akaisugua kwa vidole, akamwuliza mwenye duka, "Hii yatoka wapi, mwanangu?"

"Bara Hindi, mama. Hii ndiyo nzuri."

Nyanya akacheka kicheko kisicho na furaha. "Mimi na marehemu babu yako tulilima pamba Hola hadi mikono ikachubuka. Leo nauziwa pamba ya watu!"

Nikamwuliza kwa nini waliacha. Akajibu, "Hakuna aliyetuuliza kitu. Tuliambiwa limeni, tukalima. Tukaambiwa basi, tukaacha."

Wenzangu, maneno hayo yalinikosesha usingizi. Ni nani hasa anayeamua mkulima wa nchi kama yetu alime nini na auze kwa nani? Wengi mtasema ni serikali. Mimi nasema serikali hushika kalamu, lakini mkono ule una wenye kuusukuma.

Wa kwanza ni mwenye fedha. Mwaka wa 1902 wenye viwanda vya nguo vya Uingereza waliunda British Cotton Growing Association ili pamba ilimwe katika makoloni. Faida ya nani? Jibu mnalo. Miaka ya 1980 kiti hicho kilikaliwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mikopo ilikuja na masharti: serikali ijitoe katika biashara, soko lifunguliwe. Pamba yetu iliachiwa soko huria mwaka wa 1991. Sisemi mpango wa zamani haukuwa na kasoro, la hasha! Malipo ya wakulima yalikuwa yakichelewa mno. Lakini nchi iliyofikia karibu marobota 70,000 katikati ya miaka ya 1980 iliporomoka. KICOMI ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret zilifunga milango. Rivatex ilipata mwenyewe mpya mwaka wa 2007, iliponunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi.

Wa pili ni mfanyabiashara anayejua kubisha mlango wa ofisi. Mwagizaji wa nguo na mwuza mbegu wana mawakili na wana nauli ya Nairobi. Desemba 2019 Baraza la Mawaziri liliidhinisha pamba ya BT, iliyobadilishwa jeni ili istahimili funza. Huenda ina faida, wala sipingi sayansi. Nauliza tu: nani alikuwa rahisi kusikika, kampuni ya mbegu au mama wa Hola?

Wa tatu, msinikasirikie, ni sisi watu wa mjini. Twataka rahisi. Mitumba twaivaa, na mimi nimo. Mji ukipiga kelele, wakubwa husikia upesi kuliko shamba likilia.

Mwenzangu mmoja wa darasani aliniambia, "Wachia wataalamu bwana, mkulima ajua nini?" Nikamjibu kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tena tutazame Marekani. Wakulima wa pamba kule ni wachache, lakini wameungana. Walipewa ruzuku kubwa hata Brazil ikaishtaki Marekani katika Shirika la Biashara Duniani mwaka wa 2002, ikashinda. Kwa hivyo si wingi wa watu unaotia nguvu, ni umoja na kujua mlango uko wapi.

Mlango sisi tunao. Katiba ya 2010 yataka wananchi washirikishwe, na mambo mengi ya kilimo yamepelekwa kaunti. Kifungu cha 7 chasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lakini rasimu za sera huja kwa Kiingereza kizito. Ajabu iliyoje! Leso ina jina la Kiswahili ambalo nyanya yangu alisoma papo hapo dukani, ilhali karatasi inayoamua shamba lake haisomi.

Basi natoa shauri kwa Chama chetu cha Kiswahili na walimu walezi. Kila mwaka tuchukue rasimu moja ya kilimo ya kaunti, tuifasiri kwa Kiswahili chepesi, tukaisome barazani kabla ya siku ya kutoa maoni. Si kazi ya kutushinda. Insha tunaandika kila wiki!

Nyanya alizinunua leso zile, kwani harusi haingoji. Nami ningepewa nafasi ya kutunga jina la leso, ningeandika: HATA MWENYE JEMBE AULIZWE.