Usimchape mtoto, huenda gari limejivunja lenyewe

Mzazi ananunua gari dogo la kuchezea kwenye meza ya mitumba Kahama au Geita mjini. Ni zito mkononi, na linaonekana imara kuliko la plastiki. Baada ya muda mlango unavimba, nyufa nyembamba zinajitokeza, kisha kipande kinadondoka. Mtoto anaulizwa amelipiga na nini. Anajibu hajalipiga, na huenda anasema kweli.

Magari mengi ya aina hii, pamoja na treni za kuchezea, si chuma. Ni zinki iliyochanganywa na alumini kidogo, ikayeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Zinki hiyo ikiingiwa na madini ya risasi, hata kwa kiasi kidogo mno, huanza kuliwa kutoka ndani. Joto na unyevu huharakisha uharibifu. Masonara wanaijua tabia hiyo ya risasi: dhahabu iliyoingiwa nayo hupasuka ikifuliwa.

Tatizo si geni. Magari ya Dinky, yaliyoanza kutengenezwa Uingereza miaka ya 1930, yanajulikana kwa kupasuka hivyo yakiwa kabatini. Mwaka 1929 kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani ilitoa mchanganyiko uliotumia zinki safi sana, na tatizo likapungua. Lakini hurudi pale kiwanda kinapoyeyusha vyuma chakavu bila kuvichuja.

Hatari kwa mtoto iko wapi? Risasi iliyo ndani ya zinki hiyo ni kidogo. Kinachotangulia ni vipande: vina ncha kali na vinaweza kumkaba mtoto. Cha pili ni rangi inayobanduka, kwa kuwa rangi za zamani mara nyingi zilikuwa na risasi. Hata bidhaa mpya si salama zote: mwaka 2007 kampuni ya Mattel iliyarudisha kutoka sokoni magari madogo ya kuchezea kwa sababu ya risasi kwenye rangi.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Hudhuru ubongo na uwezo wa kujifunza, mara nyingi bila dalili za mapema.

Kwa familia zilizo karibu na makarasha na mialo kuna jambo jingine. Zebaki hushika zinki kama inavyoshika dhahabu. Mdoli uliogusana na zebaki unaweza kugeuka mweupe na kuwa dhaifu. Usimrudishie mtoto mdoli huo, na usiuchome moto, kwa kuwa mvuke wa zebaki ni sumu.

Mzazi afanye nini?

Jaribu kwa sumaku, hata ile ya spika mbovu. Ikikataa kushika bodi la gari zito, huenda ni zinki. Ekseli za magurudumu zinaweza kushika, hiyo ni kawaida.

Kagua mara kwa mara. Ukiona nyufa, uvimbe, unga wa kijivu au rangi inayobanduka, liondoe. Gundi haitibu, kwa sababu ugonjwa uko ndani.

Usimpe mtoto wa chini ya miaka mitatu magari ya metali ya zamani. Watoto wote wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Akimeza kipande, usimlazimishe kutapika. Mpeleke kituo cha afya haraka na uende na mabaki ya mdoli, daktari ajue alichomeza.

Na kabla ya kuchukua fimbo, chukua gari lenyewe ulitazame vizuri. Mtoto aliyechapwa kwa kosa lisilo lake, siku akimeza kipande ataogopa kukwambia.